Kwa nini Yeti wa Disney hatengenezwi

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Marekani. Likizo iliyopita niliwapeleka watoto Disney's Animal Kingdom, bustani ya burudani iliyoko Florida, tukapanda ile rola kosta, treni ya michezo inayopanda na kuporomoka kwa kasi, ya mlima wa bandia, Expedition Everest. Kijana wangu alikuwa amesoma kila kitu kuhusu Yeti aliyemo ndani, sanamu ya lile jitu la manyoya la hadithi za Himalaya: ukubwa wake, na namna anavyorusha mkono juu ya vichwa vya abiria. Tulipomfikia tukaona taa zinametameta kama za disko, na jitu limesimama tu. Nilipouliza nikaambiwa liliharibika zamani, kabla kijana wangu hajazaliwa. Kampuni yenye fedha zote zile inashindwaje kutengeneza sanamu moja? Ni uzembe, ni ubahili, au kuna jambo hatuambiwi?

JIBU: Dada, ulichoambiwa ni kweli, na alichosoma kijana wako nacho ni kweli. Expedition Everest ilifunguliwa rasmi tarehe 7 Aprili 2006, na siku za mwanzo Yeti alifanya kazi kama alivyotangazwa. Treni ikipita chini yake, mwili mzima unakuja mbele na mkono unashuka kana kwamba anataka kunyakua mtu. Haukupita muda akasimamishwa. Tangu hapo yuko kwenye kile ambacho watu wa fani hiyo hukiita hali B: hasogei, na taa za kumetameta zinapigwa ili jicho lidanganyike kwamba kuna kitu kimetikisika. Mashabiki wakamwita Disco Yeti, na jina likamganda.

Uzembe nauondoa kabisa. Ubahili upo, ila si wa namna unayoifikiria. Tatizo liko kwenye kile kilichombeba Yeti, mahali ambapo hapafikiki bila kuuvuruga mlima wenyewe, na wakati huohuo treni inapita salama bila yeye. Mambo hayo mawili yakikutana, mashine inaweza kukaa mbovu miaka 20 bila mtu yeyote kukosea kazini. Ngoja nikueleze kwa mpangilio wa fundi, kuanzia kwenye uzito.

Yeti ana urefu wa futi 25 hivi, yaani karibu mita saba na nusu, na uzito wa pauni 20,000, sawa na tani tisa. Animatroniki za kawaida, hizo sanamu zinazoendeshwa kwa mitambo, hukaa mahali pamoja zikageuza kichwa na kupepesa macho. Huyu aliundwa aende mbele futi tano na juu inchi 18, kwa ghafla, asimame kwa ghafla, arudi, amsubiri abiria anayefuata. Silinda za haidroliki, yaani zinazosukumwa kwa mafuta yenye shinikizo, ndizo zinazomsukuma, na zilitangazwa kuwa na nguvu kuliko injini zote nne za Boeing 747. Mwandishi wa habari akisikia hivyo anapata kichwa cha habari. Fundi akisikia hivyo anauliza: nguvu hizo zinaishia wapi?

Zinaishia chini. Silinda inapomrusha Yeti mbele, kitako cha mashine kinasukumwa nyuma kwa nguvu ileile, na anapokamatwa asimame, kitako kinavutwa mbele. Mzigo unashuka kwenye fremu ya chuma, fremu inaupeleka kwenye bolti, bolti zinaupeleka kwenye zege. Zege ni hodari kwa mzigo unaolikandamiza. Ukilivuta ndipo linapopasuka, na ndiyo sababu tunalitilia nondo. Mashine inayokwenda mbele na nyuma hulikandamiza na kulivuta kwa zamu, mchana kutwa.

Sasa piga hesabu. Treni moja ya Everest inabeba watu 34, na kivutio kimeundwa kupitisha watu kama 2,000 kwa saa. Hiyo ni treni karibu kila dakika. Bustani ikifanya kazi saa kumi kwa siku, Yeti anatakiwa kuurusha mwili wake mara 600. Kwa mwaka ni zaidi ya mara 200,000, na kila mara ni tani tisa zinaanzishwa na kusimamishwa.

Watu hudhani mashine hupasuka siku inapobebeshwa mzigo mkubwa kupita kiasi. Mara nyingi huanza kwa bolti moja iliyolegea kiasi ambacho hata jicho halioni. Bolti iliyokazwa sawasawa haisikii mshtuko, maana bamba la chuma na zege vimebanwa pamoja vikawa kitu kimoja. Ikilegea, bamba linapata nafasi ya kuinuka na kushuka. Dalili zake tunazijua: pembeni mwa bamba linajikusanya vumbi laini la rangi ya kahawia, kutu iliyosagwa ikachanganyika na mafuta, na ukiweka kiganja kwenye zege mashine ikiwa inafanya kazi utasikia mpigo. Kuanzia hapo kila mzunguko ni pigo la nyundo. Grauti, mchanganyiko laini wa saruji unaojaza nafasi chini ya bamba, inasagika, bolti ya jirani inabeba mzigo usio wake, ufa unaanza safari. Ukiwahi ni kazi ndogo: unachokonoa grauti mbovu, unamimina nyingine, unakaza kwa kipimo. Ukichelewa unavunja msingi.

Maelezo yaliyoenea kuhusu Yeti ni ya ukoo huohuo. Inasemekana muundo uliombeba ulipasuka, na kwamba kumwendesha kwa nguvu zake zote kungeweza kuleta balaa. Disney haijaweka hadharani ripoti ya kiufundi, na sishangai. Hakuna kampuni inayopenda kutangaza nyufa zake. Ila tunayo kauli ya mtu aliyehusika moja kwa moja. Mwaka 2013, kwenye mkutano wa mashabiki wa Disney uitwao D23 Expo, mbunifu mkuu wa kivutio hicho, Joe Rohde, aliulizwa kuhusu Yeti mbele ya watu. Alieleza kwamba ni mashine kubwa na tata iliyokaa juu ya mnara wa zaidi ya futi 40 katikati ya jengo lililokwisha kukamilika, kwamba walijaribu njia kadhaa na hakuna iliyofika kwenye kiini, na akaapa kwamba siku moja atamtengeneza. Rohde alistaafu Disney mwanzoni mwa 2021. Akamwacha Yeti palepale.

Ukiyachambua maelezo yale, uzito wote uko kwenye jengo kuwa limekamilika. Mlima ule una kimo cha futi 199 na nusu, na nusu futi hiyo iliyopungua ina sababu: ukifika futi 200, kanuni za usafiri wa anga za Marekani zinaanza kudai taa za kuonya ndege, na taa nyekundu juu ya kilele cha Himalaya ingeharibu hadithi yote. Ndani ya ganda hilo kuna miundo mitatu: mmoja unabeba mlima, mmoja unabeba reli, mmoja unambeba Yeti. Imejengwa ipishane bila kugusana, ili mtikisiko wa mmoja usihamie kwa mwingine. Kwenye karatasi ni kazi nzuri sana, na mimi naiheshimu. Kwa fundi wa matengenezo, maana yake ni kwamba kila upande wa mnara wa Yeti kuna chuma cha mwenzake.

Wakati wa ujenzi kreni inashusha mzigo popote unapotaka, kwa kuwa juu kuko wazi. Baadaye mlima unafungwa kwa chuma, wavu na plasta iliyochongwa na kupakwa rangi mpaka ionekane mwamba. Hapo kipande cha tani kadhaa hakina tena njia ya kutokea. Ama utoboe mwamba, ama umkatekate Yeti vipande vya kupita kwenye vijia vya mafundi, ama uingie wewe na zana zako ukafanye kazi ya zege na chuma kwenye kimo cha ghorofa kadhaa, katikati ya reli. Mhandisi wa matengenezo akikaribishwa kwenye kikao cha usanifu, swali lake la kwanza ni hili: kile kipande kikubwa kuliko vyote kikifa, kinatokea mlango gani? Bahati mbaya kwenye vikao vingi hakaribishwi, anaitwa siku ya kukabidhiwa funguo.

Lakini ugumu peke yake hautoshi kueleza miaka 20. Mashine ngumu zaidi ya hiyo hutengenezwa kila siku duniani. Lazima tutazame upande wa pili.

Kivutio cha aina ile kina mifumo miwili ya udhibiti. Mmoja ni wa treni: unajua kila treni ipo sehemu gani ya reli, na ukipata shaka yoyote unafunga breki na kila kitu kinasimama. Mwingine ni wa maonyesho: taa, sauti, moshi, sanamu. Huu wa pili ukikosa, ule wa kwanza unaendelea na kazi. Ndiyo maana tangu mwanzo wabunifu huandaa hali A, onyesho kamili, na hali B, ya kupitisha siku pale kitu kinapokataa. Hali B ya Yeti ilikusudiwa iokoe jioni moja mbaya. Imegeuka kuwa maisha.

Na tuseme haki, kumsimamisha ulikuwa uamuzi sahihi. Mkono ule unapita juu ya vichwa vya watu walio kwenye treni inayokimbia. Ukishakuwa na mashaka na fremu au msingi, huna ruhusa ya kuendelea kucheza na tani tisa juu ya watoto wa watu. Serikali nayo haitakubana umrudishe. Florida inaziachia bustani kubwa, zenye wafanyakazi zaidi ya 1,000 na wakaguzi wao wenyewe, zijikague. Na hata pale jimbo linapokagua, linaangalia usalama wa abiria. Mkono usiosogea haujeruhi mtu. Kwa macho ya sheria, Yeti aliyesimama ni salama kuliko anayetembea.

Linganisha na kisa kingine cha Florida hiyohiyo. Universal Studios Florida, bustani ya washindani wa Disney, ilipofunguliwa Juni 1990 ilikuwa na kivutio cha papa wa filamu ya Jaws, mashua inapita majini na papa wanaibuka. Mashine za papa zile zilisumbua tangu siku za mwanzo, kikafungwa, kikaundwa upya kwa gharama kubwa, na kikarudi 1993. Kwa nini papa walitengenezwa na Yeti hakutengenezwa? Kwa sababu pale, ukimwondoa papa, kinachobaki ni mashua inayozunguka bwawa. Hakuna wa kupanga foleni kwa ajili hiyo. Everest ukimwondoa Yeti bado unabaki na rola kosta inayokimbia kilomita 80 kwa saa, inayofika kwenye reli iliyong'olewa, inayorudi kinyumenyume gizani, kisha inaporomoka nje ya mlima. Foleni haikupungua kwa sababu ya Yeti. Wewe mwenyewe ulipanga.

Hapo ndipo ubahili ninaousema unapoingia, na si wa Disney pekee. Kiwandani nilikowahi kufanya kazi palikuwa na mashine ya kupima uzito wa mifuko kwenye mkanda. Ikagoma, tukaibaipasi, yaani tukairuka ili mkanda uendelee bila yeye kuhusika, tukaandika kwenye daftari la zamu kwamba ni kwa muda. Mifuko ikatoka, wateja wakalipa. Kila mwezi bajeti ikija, fedha inakwenda kwa mashine inayosimamisha kazi. Ile iliyobaipasiwa inasubiri. Mafundi wapya wakaajiriwa wakaikuta hivyo, wakadhani ndivyo ilivyo. Hakuna kikao kilichowahi kuamua isitengenezwe.

Zidisha hali hiyo kwa ukubwa wa Everest. Mwaka 2011 kitabu cha rekodi cha Guinness kiliitaja kuwa rola kosta ghali kuliko zote duniani, dola milioni 100. Kumrekebisha Yeti ni mradi mzima wenye wahandisi, wakandarasi, na miezi ya kivutio kufungwa, na kwenye kikao cha bajeti mradi huo unashindana na kivutio kipya. Kipya kina tangazo, kina bidhaa za kuuza, kinaleta watu waliokwisha kuja jana. Yeti aliyepona utamtangazaje? "Njooni, sasa anafanya kile tulichowaambia anafanya mwaka 2006"? Meneja aliyekuwepo wakati ule keshaondoka, aliyepo sasa amemrithi akiwa amesimama, na hakuna ripoti ya mapato inayoonyesha shimo lenye jina la Yeti.

Wanaosema ni uzembe nawaomba watazame mwaka 2022. Everest ilifungwa mwanzoni mwa Januari ikafunguliwa tena Aprili, zaidi ya miezi mitatu ya ukarabati. Fedha ilitoka, kazi ilifanyika. Mashabiki walisubiri mlango ufunguliwe wamwone Yeti akitembea, wakamkuta na taa zake.

Na kama mlipita Harambe siku ile, mmeona ushahidi mwingine. Kijiji kile chenye maandishi ya Kiswahili kilibuniwa na timu ya Rohde huyohuyo kwa kuitazama Lamu. Zile nyufa ukutani, plasta iliyobanduka, rangi iliyopauka, vyote vimechongwa na kupakwa kwa makusudi, na vinatunzwa. Mlamu akipita pale atacheka, maana kwao watu wanahangaika kuziba. Kampuni inayolipa mafundi watunze ufa wa bandia usizidi wala usipungue haijakosa utamaduni wa matengenezo. Ufa wa bandia uko njiani kwa wateja, unafikika kwa ngazi. Ule mwingine uko ndani ya mlima.

Kitaalamu naona njia tatu. Ya kwanza ni kuuimarisha msingi na mnara uliopo, kisha kumwamsha Yeti yuleyule. Hii ndiyo mashabiki wanayoitaka, na ndiyo nisiyoipenda: unatumia fedha nyingi kumrudishia nguvu mnyama ambaye ubunifu wake ndio ulioleta kilio, na mfumo wake wa haidroliki na udhibiti ni wa miaka ya 2000, spea zake zinazidi kuwa adimu. Ya tatu, nianze na ya tatu kwa kuwa ni fupi, ni kumwondoa na kuweka skrini. Itafanya kazi, na kijana wako atanuna zaidi ya alivyonuna.

Ya pili ni kumjenga upya akiwa mwepesi. Kijana wako akishafika kwenye somo la kani atakumbuka kwamba kani (nguvu inayosukuma) ni tungamo (wingi wa kitu, kwa kilo) mara mchapuko (jinsi mwendo unavyobadilika kwa ghafla). Punguza tungamo kwa nusu, na nguvu inayogonga msingi inapungua kwa nusu bila kupunguza kasi ya mkono. Achana na pampu na mafuta, tumia mota za umeme zinazoanza na kusimama kwa ulaini unaopangwa na programu. Disney wenyewe wamekwenda huko. Mwaka 2017, katika bustani hiyohiyo, walifungua eneo la Pandora, na ndani ya safari ya mashua iitwayo Na'vi River Journey kuna mganga wa kike anayeimba ambaye uso na mikono yake inakwenda kwa ulaini ambao Yeti hakuwahi kuukaribia. Ujuzi hawakuukosa. Kinachokosekana ni sababu ya kuufungua mlima.

Sababu hiyo naamini itakuja kutoka kwa reli. Chuma cha rola kosta huchoka. Vipande hukaguliwa, huchomelewa, na mwishowe hubadilishwa. Ikifika siku ya kubadilisha vipande vikubwa vilivyo ndani ya mlima, ukuta utatobolewa hata hivyo, kivutio kitafungwa hata hivyo, kreni itakuwa pale hata hivyo. Hapo gharama ya Yeti inashuka kutoka mradi mzima hadi nyongeza ya mradi, na hapo ndipo mtu mwenye kalamu ya bajeti anaweza kukubali. Nje ya hapo, sioni kinachomlazimisha.

Kwa hiyo mkipanga kurudi mwakani, mwambie kijana asimtegemee. Mtandaoni zipo video za miezi ile ya mwanzo, abiria walizopiga wenyewe. Atazame moja, aangalie bega na si mkono, maana bega ndilo linaloonyesha mwili mzima ukisogea. Na mkifika bustanini nendeni Na'vi River Journey mapema, kabla foleni haijawa ndefu.